Tundu Dogo, Daraja Kubwa: Historia ya Ukataji wa Chuma cha Madaraja, Toka Tindo Mpaka Leza

Na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali



Mhariri amenitaka niandike habari ya historia, nami najua kwamba neno hilo likitajwa wengi wetu hukumbuka vita, mikataba na tarehe za kutawazwa wafalme. Leo naomba ruhusa nieleze historia ya namna nyingine, historia ya kazi. Nataka tutazame jinsi wanadamu walivyojifunza kukata na kutoboa vyuma vya madaraja, tangu siku za tindo na nyundo hadi siku hizi za leza, na jinsi somo hilo lilivyogharimu maisha ya watu.

Mtu avukapo daraja huyatazama maji yaliyo chini, au huhesabu nguzo. Hapana atazamaye tundu la bolti. Hata hivyo mara nyingi uhai wa daraja la chuma haumo katika ukubwa wa boriti zake, bali umo katika ukingo wa mkato na mdomo wa tundu. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulionyesha.

Boriti itokapo kiwandani huwa ndefu na nzima, haina tundu wala pengo. Kabla haijawa kiungo cha daraja lazima ikatwe kwa kipimo, ncha zake zichongwe zipate kukaa na za jirani, na itobolewe matundu ya kupitishia bolti. Sasa fikirini wanafunzi mia tatu wanaotoka katika ukumbi kwa mlango mmoja mwembamba. Uwanjani hakuna msongamano, bali mlangoni watu husukumana. Ndivyo ilivyo nguvu ndani ya chuma: ikifika kwenye tundu husongamana pembeni mwake. Ukingo ukiwa laini, chuma hustahimili. Ukiwa na mchubuko, au ukiwa umegeuka mgumu na mkavu, hapo ndipo ufa huzaliwa. Mizigo ikipita mara elfu na elfu, ufa nao hukua kidogo kidogo. Mafundi huita hali hiyo uchovu wa chuma.

Tay na Forth

Tuanzie Uskoti. Mwaka 1878 lilifunguliwa daraja la reli juu ya mlango wa mto Tay, lenye urefu wa karibu maili mbili. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika tufani kali, sehemu ya kati ya daraja hilo ilianguka pamoja na gari moshi lililokuwa likipita, na wote waliokuwamo wakafa.

Uchunguzi uliofuata ulitaja kasoro nyingi: upepo haukupigiwa hesabu ipasavyo, na kazi haikusimamiwa vema. Lakini miongoni mwa kasoro hizo ilikuwamo moja ndogo inayotuhusu sisi leo. Nguzo za daraja zilikuwa za chuma cha kusubu, zikifungwa pamoja kwa vyuma vya mshazari. Vyuma hivyo vilishikwa kwa bolti kwenye masikio yaliyosubiwa pamoja na nguzo. Matundu ya masikio hayo hayakutobolewa kwa keekee, bali yalifanywa katika kalibu wakati wa kusubu, nayo yakatoka na umbo la pia, mapana upande mmoja na membamba upande wa pili. Basi bolti haikuegemea tundu zima, ila mdomo wake tu. Masikio yalipopimwa baada ya ajali yalivunjika kwa mzigo mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Keekee ingaliongeza gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyoepukwa.

Somo lilieleweka haraka. Daraja la Forth, lililojengwa katika nchi hiyo hiyo na kufunguliwa tarehe 4 Machi 1890, lilitumia zaidi ya tani 50,000 za chuma cha pua na ribiti zipatazo milioni 6 na nusu, yaani ile misumari minene inayopigwa ikiwa imeiva kwa moto. Wahandisi John Fowler na Benjamin Baker, pamoja na mjenzi William Arrol, hawakuridhika na njia ya mkato. Kulikuwa na mashine za kusukuma sindano nene ya chuma na kutoboa bamba kwa kishindo kimoja, lakini sindano hiyo huuchana ukingo na kuuacha mgumu. Kwa hiyo matundu ya Forth yalitobolewa kwa keekee, na kingo za mabamba zikarandwa ili kuondoa chuma kilichoumizwa na mkasi wa mashine. Ilikuwa kazi ya pole pole na ya ghali, na zaidi ya watu 70 walipoteza maisha katika ujenzi huo. Hata hivyo daraja hilo lingali likibeba magari moshi hadi leo.

Vyuma vilivyosafiri

Habari hizi hazikubaki Ulaya. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilibidi ivuke mito na mabonde mengi kabla ya kufika Kisumu mwaka 1901. Katika mteremko wa kutoka milima ya Mau kwenda ziwani, mabonde yalihitaji madaraja marefu ya chuma yasimamayo juu ya miguu kama ngamia. Madaraja 27 ya namna hiyo yalitengenezwa na kampuni ya Marekani, American Bridge Company, yakavushwa bahari vipande vipande, yakaja kuunganishwa huku kwetu.

Kwa nini Marekani, hali mtawala alikuwa Mwingereza? Jibu lilikwisha kuonekana Sudan mwaka 1899, daraja la mto Atbara lilipohitajika kwa haraka. Karakana ya Pencoyd ya Pennsylvania ililitengeneza kwa wiki chache tu. Karakana za Marekani zilikuwa zimezoea kutumia vigezo: bamba moja la mfano huwekwa juu ya mabamba mengine, nayo yakatobolewa kwa kulifuata, hata vipande mia vikawa na matundu mahali pamoja. Kipande kilichotobolewa Pennsylvania kilipaswa kuafikiana na mwenziwe kwenye ukingo wa mto wa Afrika, mahali pasipo na karakana ya kurekebisha kosa. Tundu likikosea kwa unene wa kidole, kazi husimama mpaka meli nyingine ije.

Vita Kuu ya Pili ilitoa mfano mwingine wa jambo hilo hilo. Mwingereza Donald Bailey alibuni daraja la vipande vya futi 10, kila kimoja chaweza kuchukuliwa na watu sita na kuungwa na chenzake kwa pini. Vipande hivyo vilitengenezwa na viwanda vingi, na vingi kati ya hivyo havikuwa vimejenga daraja hata moja kabla ya hapo. Kilichowezesha kazi ni kwamba kila tundu la pini lilipimwa kwa kigezo kimoja, na kipande kilichokataa kigezo hakikupokelewa. Hata leo mafuriko yanapochukua daraja na barabara ikakatika, madaraja ya jamii hii ndiyo huletwa kwanza. Mtu anayevuka hapo huvuka kwa sababu matundu yameafikiana.

Moto unaokula chuma

Wakati madaraja ya Mau yakijengwa, chombo kipya kilikuwa njiani. Mwaka 1895 Mfaransa Le Chatelier alieleza kwamba gesi ya asetilini ikichomwa pamoja na oksijeni hutoa mwali wenye joto lipitalo nyuzi 3,000 za Selsiasi. Mwaka huo huo Carl von Linde wa Ujerumani aliweza kuigeuza hewa kuwa maji, na miaka michache baadaye akatenga oksijeni kutoka humo. Mwaka 1903 Wafaransa Fouché na Picard wakatengeneza bomba la mkononi la kutolea mwali huo. Hiyo ndiyo asili ya mitungi miwili tunayoiona mpaka sasa katika karakana za mitaani.

Wengi hudhani kwamba mwali wa gesi huyeyusha chuma kama jua linavyoyeyusha siagi. Sivyo. Mwali hukipasha chuma moto mpaka kiwe chekundu sana, kisha fundi hufungulia oksijeni tupu, na chuma chenyewe kikaanza kuungua kama kuni. Oksijeni hukila chuma na kupeperusha mavi ya chuma chini. Kwa hiyo gesi huwasha tu, na chuma ndicho kijikatacho. Ndiyo maana njia hii hukata boriti nene zilizoshinda mkasi.

Kwa miaka mingi moto huo ulitawala. Wajenzi waliacha kukata kwa mistari iliyonyoka tu, wakaanza kukata umbo lolote walilochora. Lakini moto nao una adabu yake. Ukingo uliopashwa joto kali kisha ukapoa ghafla, kwa kuwa chuma baridi kilicho jirani hunyonya joto lake, hugeuka mgumu kuliko chuma kingine. Kilicho kigumu mno hakikunjiki, hupasuka. Kwa hiyo ilibidi kingo zisagwe kwa jiwe baada ya kukatwa, na matundu ya bolti yaendelee kutobolewa kwa keekee. Baadaye, katika miaka ya 1950, ukaja mwali wa plazma, yaani gesi iliyopitishwa umeme mpaka ikawa moto kupita asetilini. Plazma iliongeza kasi, lakini tundu lake lilikuwa na desturi ya kuinama upande, kwa hiyo keekee haikustaafu.

Mwaka 1967

Mwaka ambao huku kwetu tunaukumbuka kwa Azimio la Arusha, mambo matatu yalitokea katika historia hii, kila moja mahali pake.

La kwanza lilitokea mwezi Mei, katika kituo cha utafiti wa uchomeleaji karibu na Cambridge, Uingereza. Peter Houldcroft na wenzake walichukua leza ya wati 300, nguvu isiyozidi balbu tatu za wati 100, wakaipulizia oksijeni pembeni yake, wakakata bamba la chuma la unene wa milimita 1. Ilikuwa mara ya kwanza leza kukata chuma kwa msaada wa oksijeni.

La pili lilitokea Marekani jioni ya tarehe 15 Desemba. Daraja la Silver juu ya mto Ohio, lililojengwa mwaka 1928, liliporomoka likiwa limejaa magari, na watu 46 wakafa. Daraja hilo lilining'inizwa kwa minyororo ya vyuma virefu vyenye tundu kila ncha. Wachunguzi walikuta kwamba chuma kimoja kilikuwa na ufa kwenye ukingo wa tundu lake, wenye kina cha kiasi cha milimita 2 na nusu. Ufa huo ulikuwa umekua kwa kutu na kwa mzigo wa miaka, tena mahali ambapo jicho la mkaguzi halikuweza kufika. Milimita 2 na nusu zilitosha kuangusha daraja zima. Baada ya msiba huo Marekani iliweka utaratibu wa taifa wa kukagua madaraja.

La tatu halikuonekana kuwa msiba wakati huo. Mwaka huo huo lilifunguliwa daraja la barabara kuu ya I-35W juu ya mto Mississippi, mjini Minneapolis. Kwa hilo tutarejea mwishoni.

Nuru iliyopangwa kama gwaride

Leza ni nini? Nuru ya taa husambaa kama watu sokoni, kila mmoja na njia yake. Nuru ya leza hutembea kama askari wa gwaride, hatua moja, upande mmoja, rangi moja. Einstein alieleza msingi wa jambo hilo mwaka 1917, na Theodore Maiman wa Marekani akaiwasha leza ya kwanza mwezi Mei 1960, akitumia kito cha yakuti. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, alitengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo ndiyo iliyotawala karakana kwa miaka mingi.

Nuru iliyopangwa hivyo yaweza kukusanywa kwa kioo mpaka iwe nukta ndogo kuliko milimita. Joto lote likiangukia nukta hiyo, chuma huyeyuka mara moja, na gesi inayopulizwa hukiondoa. Ikipulizwa oksijeni, chuma pia huungua kama tulivyoona. Ikipulizwa naitrojeni, huyeyuka tu na kufukuzwa, na ukingo hutoka bila kutu.

Mbona basi leza ilichukua miongo kadhaa kufika kwenye boriti za madaraja? Sababu ni tatu. Kwanza nguvu: bamba la milimita 1 si boriti ya milimita 30. Pili, nuru ya leza ya gesi haipiti ndani ya nyuzi za kioo, lazima ielekezwe kwa vioo vya kuakisi, na kuvizungusha vioo hivyo kuizunguka boriti kubwa ni taabu. Tatu, boriti si bamba bapa. Ina ubavu wa katikati na mabawa mawili, tena hutoka kiwandani ikiwa imepinda kidogo, kwa kadiri inayoruhusiwa.

Ufumbuzi ulitoka kwa wazo la Elias Snitzer, Mmarekani, ambaye tangu mwaka 1961 alionyesha kwamba uzi wa kioo wenyewe waweza kuwa leza. Wazo hilo lilikomaa polepole, na katika miaka ya 2000 leza za nyuzi zenye nguvu za kilowati nyingi zikaingia karakana. Nuru yake ni ya urefu wa wimbi mfupi karibu mara kumi kuliko ile ya gesi, na chuma huinyonya kwa wepesi zaidi. Tena hupita ndani ya uzi unaokunjika, kwa hiyo mkono wa mashine waweza kuizunguka boriti pande zote. Siku hizi zipo mashine za kilowati 20, 30 na hata zaidi. Hupima kwanza jinsi boriti ilivyopinda, hurekebisha mchoro kulingana na hali hiyo, kisha hukata urefu, huchonga ncha, hutoboa matundu na kuandika namba ya kipande, yote pasipo boriti kuhamishwa. Zamani ilihitaji msumeno, keekee na bomba la gesi, na winchi ya kuihamisha kila mara.

Je, tundu la leza ni salama?

Hapa ndipo historia inaporudi kutuuliza. Leza hupasha joto sehemu nyembamba sana, na hilo ni jema. Lakini sehemu hiyo hupoa kwa kasi kubwa, nayo yaweza kuwa ngumu. Tena katika kila tundu pana mahali mkato ulipoanzia na kufungia, na hapo huweza kubaki alama ndogo kama ya ukucha. Kwa nyumba ya ghorofa alama hiyo huenda isiwe na neno. Kwa daraja linalotikiswa na malori usiku na mchana, ni jambo la kuchunguzwa.

Ndiyo sababu wahandisi wa madaraja hawakuikumbatia leza kwa pupa. Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 1090-2, kwa mfano, huweka kikomo cha ugumu wa kingo zilizokatwa: kwa vyuma vya kawaida vya ujenzi ni 380 katika kipimo cha Vickers, pale inapotakiwa. Karakana hutakiwa ikate vipande vya majaribio, ivipime, ndipo iaminiwe. Swali lililoulizwa kuhusu sindano ya kutobolea, na kuhusu moto wa gesi, ndilo linaloulizwa kuhusu leza: umeuacha ukingo katika hali gani?

Sasa turudi Minneapolis. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la I-35W lilianguka saa ya watu kurudi makwao, watu 13 wakafa na 145 wakaumia. Wachunguzi walikuta kwamba mabamba ya kuungia boriti kwenye viungo fulani yalikuwa na unene wa karibu nusu ya yale yaliyohitajika. Kosa lilikuwa katika usanifu wa miaka ya 1960, na kwa miaka 40 halikugunduliwa, huku uzito wa daraja ukiongezwa. Mabamba yale yangekatwa kwa leza bora kuliko zote, kwa usahihi wa unywele, daraja lingeanguka vile vile. Mashine hutii mchoro. Haiulizi kama mchoro ni sahihi.

Nasema haya kwa sababu katika utumishi wangu nimepitia makabrasha mengi ya zabuni, nami naona mwelekeo wa mambo. Boriti nyingi za chuma hutufikia zikiwa zimekwisha katwa na kutobolewa nchi za mbali, pamoja na hati zenye mihuri mizuri. Vyuma vya Mau vilikuja hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba sasa anayezipokea bandarini ni sisi, na anayetia sahihi ni sisi. Asiyejua kipimo cha Vickers ni nini, wala kwa nini mdomo wa tundu hupapaswa kwa kidole na kumulikwa kwa tochi, atatia sahihi juu ya karatasi, si juu ya daraja.

Kwa hiyo, wadogo zetu, mnapofundishwa mawimbi ya nuru katika fizikia na kuungua kwa metali katika kemia, msidhani ni mambo ya kujibia mtihani tu. Na sisi wahitimu, tunapokusanyika na kuchanga kwa ajili ya shule, tusisahau maabara na karakana. Leza yaweza kununuliwa na mwenye fedha yeyote. Jicho la kuukagua mkato wake hulelewa kwa miaka, na huanza kulelewa hapa shuleni.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kwenye daraja, anayeota tende si yule aliyedharau, ni msafiri apitaye.